Oppa, Nuna na Baba Taek: Maneno ya Kuitana katika Mchezo wa Kikorea na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Wilaya ya Chemba, iliyotengwa na Wilaya ya Kondoa katika mwaka 2012, iko kando ya njia kuu itokayo Dodoma kwenda Kondoa na Babati. Kwa wataalamu wa lugha nchi hiyo ina sifa isiyopatikana mahali pengi. Kirangi na Kigogo ni lugha za Kibantu. Kiburunge ni cha jamaa ya Kikushi. Kibarbaig ni cha Kinailoti. Na Kisandawe, ambacho Otto Dempwolff alikiandikia kitabu mwaka 1916, kina sauti za kidoko na zamani kilihesabiwa pamoja na lugha za Khoisan za kusini mwa Afrika. Majirani wa asili mbalimbali wakikutana sokoni, shuleni au kisimani, huzungumza Kiswahili. Kwa sababu hiyo mchezo wa kigeni unapoonyeshwa huko, ikiwa ni kwa dishi la nyumbani au katika banda la video ambalo watu wameliita kibanda umiza, mtazamaji haupokei kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Huupokea kwa Kiswahili, naye huupima kwa Kiswahili kile kile anachotumia kuwaamkia wazee wa kijiji.

Michezo ya Kikorea imepata watazamaji wengi katika Afrika ya Mashariki. Ile ya wafalme na vita haimtaabishi sana mfasiri, kwa maana upanga ukichomolewa kila mtu huelewa. Taabu iko katika michezo ya namna nyingine, ambayo haina shujaa mmoja wala adui mmoja, bali ina watu wengi wa mtaa mmoja na mambo yao ya kila siku: chakula, ada ya shule, ugonjwa, wivu wa ndugu. Mfano ulio bora ni Reply 1988, uliotungwa na Lee Woo-jung na kuongozwa na Shin Won-ho. Ulitolewa na stesheni ya tvN kwa sehemu 20, tangu Novemba 2015 hadi Januari 2016. Habari yake ni ya jamaa tano zinazokaa katika kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong, kaskazini mwa Seoul, mwaka wa michezo ya Olimpiki na baada yake. (Msichana Deok-sun amechaguliwa kubeba kibao cha jina la Madagaska katika gwaride la ufunguzi, Madagaska ikasusia michezo hiyo, kama ilivyosusia kweli, naye mwishowe akabeba kibao cha Uganda.)

Katika mchezo wa namna hii uhusiano wa watu ndio kisa chenyewe. Hakuna msimulizi wa kusema huyu ni mkubwa, huyu ni mdogo, yule ni mjane aliyetoka shamba. Mtazamaji hujua hayo kwa kusikia jinsi wanavyoitana. Lugha ya Kikorea imejaliwa sana katika jambo hili. Msichana humwita kaka yake mkubwa oppa na dada yake mkubwa eonni. Mvulana humwita kaka yake mkubwa hyeong na dada yake mkubwa nuna. Maneno hayo hayaishii kwa ndugu wa damu, bali humfikia kila mtu mwenye kumzidi msemaji umri kidogo, akiwa rafiki au jirani. Tena kitenzi chenyewe hubadilika mwisho wake kwa kadiri ya heshima anayostahili msikilizaji. Usemi usio na heshima hiyo huitwa banmal, yaani maneno nusu, na mtu aliyezoeana na mwenzake huombwa ruhusa kabla ya kusemeshwa hivyo.

Mswahili asidhani kwamba neno linalobadilika kwa jinsia ya msemaji ni ajabu ya Mashariki ya Mbali. Kiswahili cha zamani kilikuwa na umbu, ambaye kwa mwanamume ni ndugu yake wa kike na kwa mwanamke ni ndugu yake wa kiume. Mzizi huo umeenea katika lugha za Kibantu za bara, kama ilumbu ya Kisukuma. Kaka na dada wa siku hizi wamemfukuza umbu katika mazungumzo, lakini mawazo yaliyomzaa hayajawa mageni.

Ubaya ni kwamba tafsiri ya Kiswahili aghalabu haitoki katika Kikorea moja kwa moja. Hupita kwanza katika Kiingereza. Na Kiingereza hakina la kufanya na nuna, hivyo huweka jina tupu. Kwa hiyo Sun-woo, kijana wa shule, husikika akimwita Bo-ra, msichana wa chuo kikuu aliye dada mkubwa wa rafiki yake, kwa jina lake tu. (Hilo nalo kwa sikio la Mswahili lina bahati yake, kwa sababu kila akiitwa husikika akisifiwa.) Mfasiri akiandika hivyo kwa Kiswahili, hakukosea neno hata moja la Kiingereza kilicho mbele yake, lakini amemfanya kijana mwenye adabu kuwa mtovu wa adabu. Mzee wa Farkwa au Kwa Mtoro akisikia watoto wa mtaa mzima wakiwaita wakubwa wao kwa majina matupu, ataona kwamba Wakorea hawakuwafunza watoto wao. Na ukweli ni kinyume kabisa cha hayo.

Hata hivyo kuweka dada penye kila nuna hakutoshi. Dada wa Kiswahili anaweza kuwa mkubwa au mdogo, na muuza duka humwita hivyo mteja asiyemjua kabisa. Kikorea hutia ukubwa ndani ya neno lenyewe. Kiswahili, kinyume chake, hutia ukubwa katika kupokezana: mmoja husema shikamoo, wa pili hujibu marahaba, na jibu hilo haliwezi kugeuzwa. Vivyo hivyo Sun-woo akisema "Dada Bo-ra" kila mara, na Bo-ra akijibu "Sun-woo" pasipo kitu mbele, umri umekwisha kujulikana bila ya maelezo. Basi mfasiri hana budi kuyatazama maneno mawili mawili, la mwitaji na la mwitikaji, wala si mstari mmoja mmoja kama yaletwavyo maandishi ya chini ya picha. Shikamoo yenyewe ni chombo ambacho wafasiri hukisahau kwa sababu Kiingereza hakiwakumbushi. Kuitoa mahali pake, kijana akaanza kusema "vipi" kwa aliyekuwa akimwamkia, kunaweza kufanya kazi ile ile inayofanywa na banmal.

Katika jambo hili wasimulizi wa mabanda, waliotanguliwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walistahili heshima kuliko waliyopewa na wasomi. Mtu mmoja alisema kwa sauti za wote, akaeleza palipohitaji maelezo, na akamwita mtu "shemeji yake" hata kama maandishi hayakusema hivyo. Hiyo si tafsiri kwa maana ya darasani. Lakini aliyesikiliza alijua nani ni nani, na katika mchezo wa jamaa tano hilo ni nusu ya kazi.

Kuna mahali ambapo Kikorea cha mazungumzo na Kiswahili hupatana na Kiingereza ndicho kinachosimama peke yake: yeye wetu hana jinsia. Msandawe au Mburunge akirudi nyumbani kuwasimulia wenziwe kwa lugha yake, itambidi achague tena, kwa maana lugha hizo mbili hutenga mume na mke.

Jaribio gumu kuliko yote katika Reply 1988 ni la Sun-young, mjane, na Moo-sung, mwenye duka la saa aliyefiwa na mkewe. Wametoka sehemu moja ya shamba, na tangu utotoni Moo-sung kwake ni oppa. Mapenzi yao huja polepole, na neno halibadiliki. Kinachobadilika ni uzito wake. Mfasiri akiweka kaka, mtazamaji wa Chemba ataona mtu anataka kuolewa na kaka yake. Akiweka mpenzi, ameitoa siri kabla ya wakati. Lakini Moo-sung ana mtoto mmoja tu, Taek, na Sun-young mtoto wake wa kwanza ni Sun-woo, na desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake iko Seoul kama ilivyo katika vijiji vyote vya nyanda za kati. Mbele ya majirani basi na waitane Baba Taek na Mama Sun-woo, jambo ambalo halimshangazi mtu. Kaka Moo-sung abaki kwa saa chache ambazo wawili hao wako peke yao na wanakumbuka kwao, na asitumike popote pengine.