Rafiki Asiyeonekana

Mzazi mpenzi, je, umemsikia mwanao akizungumza peke yake nyuma ya nyumba? Usimkemee upesi. Sikiliza kwanza habari hii.

Katika nchi ya Meksiko alizaliwa mtoto wa kike mwaka 1907, jina lake Frida Kahlo. Alipokuwa na miaka 6 alishikwa na polio, akalala kitandani miezi mingi. Alipoinuka, mguu wake wa kulia ulikuwa umekonda. Watoto wenzake wakamcheka na kumwita "Frida mguu wa mti".

Lakini katika umri ule ule alikuwa na rafiki. Alipulizia pumzi kioo cha dirisha, akachora mlango kwa kidole, na kwa mawazo akatoka kumwendea. Rafiki huyo, asiyeonekana na mtu mwingine, alikuwa mcheshi, naye Frida alimwambia siri zake. Baba yake pia hakumwacha: alimhimiza kuogelea na kupanda baiskeli, mguu upate nguvu. Baadaye Frida akawa mchoraji mashuhuri, naye habari za rafiki yule aliziandika mwenyewe katika daftari lake.

Basi wewe ufanye nini? Usimcheke mwanao, wala usiseme ana pepo. Muulize kwa upole: "Rafiki yako anasemaje juu ya shule?" Huenda katika jibu lake ukasikia jina la yule ampigaye njiani au amnyang'anyaye kalamu. Ukisha kujua, mwendee mwalimu. Rafiki asiyeonekana hufariji, lakini ngumi ya mchokozi hawezi kuizuia. Kazi hiyo ni yako.