Mshahara Ghafi na Mshahara wa Mkononi: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Usaili wa Kazi

Swali kuhusu mshahara huulizwa karibu na mwisho wa usaili wa kazi, na aghalabu hujibiwa kwa maneno machache. Msailiwa hutaja kiwango anachokitarajia, mwajiri hukiandika, na kila mmoja huondoka akiamini kuwa wameelewana. Tofauti hujitokeza barua ya ajira inapotolewa au, vibaya zaidi, mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati mfanyakazi amekwisha kuacha kazi yake ya awali.

Chanzo kimojawapo cha tofauti hiyo ni maana ya neno mshahara. Mwombaji wa kazi hufikiria fedha zitakazoingia katika akaunti yake, ilhali mwajiri huzungumzia mshahara ghafi, yaani kiwango cha kabla ya makato ya kisheria. Wote wawili wanaweza kutaja shilingi 1,000,000, lakini wakakusudia viwango viwili tofauti kabisa.

Makato yanavyokokotolewa

Mfanyakazi wa sekta binafsi aliye mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa kawaida huchangia asilimia 10 ya mshahara wake, na mwajiri huchangia asilimia 10 nyingine. Mchango wa mfanyakazi huondolewa kwanza, kisha kiasi kinachobaki ndicho hukatwa kodi ya mapato ya ajira, maarufu kama PAYE.

Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai, 2021, kipato kisichozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakitozwi kodi hiyo. Sehemu inayozidi hapo hadi shilingi 520,000 hutozwa asilimia 8, inayofuata hadi shilingi 760,000 asilimia 20, inayofuata hadi shilingi 1,000,000 asilimia 25, na inayozidi kiwango hicho asilimia 30.

Aidha, mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya marejesho kwa Bodi ya Mikopo (HESLB).

Kwa mfano, mfanyakazi mwenye mshahara ghafi wa shilingi 1,000,000 usio na posho huchangia NSSF shilingi 100,000. Shilingi 900,000 zinazobaki hutozwa kodi ya shilingi 103,000, hivyo hupokea shilingi 797,000. Iwapo anarejesha mkopo wa elimu ya juu, hukatwa shilingi 150,000 zaidi na kubakiwa na shilingi 647,000.

Kwa hesabu hiyo hiyo, anayetaka kupokea shilingi 1,000,000 mkononi anahitaji mshahara ghafi wa takriban shilingi 1,314,000. Mwenye mkopo anahitaji shilingi 1,725,000. Mhitimu anayetaja shilingi 1,000,000 katika usaili bila kufafanua anaweza kujikuta akipokea chini ya theluthi mbili ya alichokikusudia, hata kama mwajiri ametimiza ahadi yake kikamilifu.

Yapo pia malipo ambayo hayapaswi kukatwa katika mshahara wa mfanyakazi. Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi (SDL) na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni wajibu wa mwajiri.

Hali katika utumishi wa umma

Katika utumishi wa umma, mshahara hufuata ngazi iliyowekwa na Serikali kwa kada husika, na kwa kawaida ngazi hiyo hutajwa katika tangazo la kazi. Kwa sababu hiyo, usaili si mahali pa kujadiliana kiwango. Mwombaji anashauriwa kuifahamu ngazi hiyo kabla ya kuwasilisha maombi, akizingatia kuwa mtumishi aliye katika mfuko wa PSSSF huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 15.

Sheria inavyomlinda mfanyakazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi. Maelezo hayo ni pamoja na kazi atakayofanya, muda na aina ya mkataba, saa za kazi, ujira, namna unavyokokotolewa, na marupurupu mengine. Mwajiri akishindwa kuwasilisha mkataba au maelezo hayo wakati wa shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye. Migogoro ya kikazi huwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Hata hivyo, ulinzi huo wa kisheria haubadilishi kiwango ambacho mfanyakazi amekwisha kukikubali na kukitia saini. Ni vyema msailiwa anapoulizwa matarajio yake aeleze iwapo kiwango anachokitaja ni cha kabla au baada ya makato. Aulize pia kama posho za nyumba na usafiri zimejumuishwa katika kiwango hicho, na kama mshahara wa kipindi cha majaribio ni tofauti na ule wa baada ya kuthibitishwa.

Majibu hayo yaonekane katika barua ya ajira, na mwombaji aisome kwa makini kabla ya kuwasilisha barua ya kuacha kazi kwa mwajiri wake wa sasa.