Kumtunza mzee si kumlaza

Katika Surat Al-Israa, Allah (s.w.) ameamrisha wema kwa wazazi mara tu baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke yake, na uzee wao ukatajwa waziwazi. Amri hiyo wengi tunaifahamu. Leo tutazame tunavyoitekeleza pale mzee anapopatwa na kiharusi au kuvunjika nyonga, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani ilhali hawezi kusimama.

Hapa Mwanza jambo hili lina uzito wake. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa, nayo ina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Lakini mzee anayeishi juu ya majabali ya Mabatini, Igogo au Bugarika, mahali pasipofika gari, atateremshwa mgongoni mara ngapi kwa wiki? Wa Ukerewe ni lazima kwanza avuke ziwa. Kwa hiyo utengamao, yaani kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kujitegemea, kwa wengi hufanyika nyumbani, mikononi mwa mtoto, mjukuu au mkamwana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo imeitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya wazee.

Hapo ndipo mapenzi yetu yanapoweza kudhuru. Tunamlisha, tunamwosha, tunamvisha, na akijaribu kunyanyuka tunamwambia asijisumbue. Misuli isiyotumika hunywea upesi, viungo hukakamaa, na vidonda vya kulala huanza. Moyo nao huumia. Aliyekuwa nguzo ya nyumba hujiona mzigo. Mama anayeoshwa na mkwewe humeza aibu asiyoitamka. Baba husema hana kiu, kumbe anaogopa kuwaamsha watu usiku wampeleke msalani.

Tufanyeje basi? Kwanza, tumuulize mwenyewe anatamani kurejeshewa lipi. Huenda asitaje kutembea hadi sokoni Kirumba. Huenda akataka tu ajistanji na kutawadha bila ya mtu kumshika. Hilo hilo liwe zoezi lake: akae ukingoni mwa kitanda, ashike kopo kwa mkono dhaifu huku ule mzima ukiusaidia, ainuke kutoka kwenye kiti imara mara chache, asubuhi na jioni. Tumkinge asianguke, lakini tumpe muda, hata akichukua nusu saa kuvaa kanzu.

Pili, mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua, kwani bega huumia. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Na kabla ya kutoka hospitali, atakayemhudumia aonyeshwe mazoezi, kisha ayafanye mbele ya mtaalamu.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, akishindwa, kwa kukaa, akishindwa, kwa ubavu. Mgonjwa amepunguziwa, lakini hakuambiwa aache. Hufanya kile anachokiweza leo, na kesho huenda akaweza zaidi.

Majirani nasi tusikae pembeni. Mlezi naye huchoka. Saa moja ya kumpokea ni sadaka.

Tunamuomba Allah awaponye wazee wetu, na atujaalie subira ya kuwangoja wanyanyuke wenyewe. Amin.