Istilahi za Kusanidi Vipanga Njia kutoka Mbali

Fundi wa mawasiliano aliyeko Miyuji, kaskazini mwa mji wa Dodoma, aweza kubadili mpangilio wa mtambo ulioko Kondoa, umbali wa kilomita zipatazo 150, pasipo kuondoka kitini. Huandika amri zake mapema katika faili, akaufikia mtambo kwa njia ya mtandao, kisha akaiachia faili ifanye kazi. Akikosea, huenda akajikatia mwenyewe njia ile ile aliyopitia. Hapo hana la kufanya ila kupanda gari. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi za kazi hiyo, kwani neno moja lililotafsiriwa ovyo katika mwongozo laweza kumsafirisha fundi asiye na kosa lolote.

Mtambo wenyewe mafundi huuita ruta. Kazi yake ni kupokea pakiti za data, kusoma anwani ya kila pakiti, na kuichagulia njia ya kupita. (Twasema pakiti, wala si vifurushi, kwa kuwa kifurushi kwa Mtanzania wa leo ni kile anachonunua kwa kampuni ya simu.) Baadhi ya wafasiri hutumia kisambaza data. Jina hilo halitoshi: kusambaza ni kueneza huku na huku, ilhali mtambo huu huchagua. Kipanga njia lafaa zaidi. Liko lalamiko kwamba kipanga ni ndege mla vifaranga. Lakini hakuna atakayesoma habari za pakiti na anwani kisha akatazama juu kumtafuta ndege. Katika mazungumzo, ruta haina ubaya.

Kuhusu vitenzi, kusakinisha na kusanidi visichanganywe. Kusakinisha kwatokana na sakini, yaani kukaa mahali, nalo ni jamaa ya maskani: ni kuiingiza programu mpya ikapata makazi mtamboni. Kusanidi ni kuupa mtambo mpangilio wa kufanyia kazi. Kazi ya fundi wetu ni hiyo ya pili, tena huifanya kutoka mbali. Tusiandike kwa mbali, kwa sababu tusemapo mtoto anafanana na babaye kwa mbali, maana yetu ni kidogo tu.

Faili ya amri imewahi kupendekezewa jina la hati. Kwa mkazi wa Miyuji hati ni ya kiwanja, na kwa mtumishi wa serikali ni karatasi yoyote rasmi. Afadhali skripti, mradi ifafanuliwe mara ya kwanza kuwa ni amri zilizoandikwa kwa mfuatano. Mtumishi aweza kuifananisha na waraka unaotoka makao makuu kwenda wilaya zote: maneno ni yale yale kila mahali. Tofauti ni kwamba afisa wa wilaya akiona kosa katika waraka huuliza, bali mtambo hutekeleza.

Njia ya kuufikia mtambo kwa usalama, iitwayo SSH, ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo hicho. Hilo ni jina. Liachwe kama lilivyo. Anayelitafsiri neno kwa neno ataishia kwenye ganda la yai.

Penye hatari hasa ni katika neno hifadhi. Katika vipanga njia vingi, amri huanza kufanya kazi papo hapo, lakini mpangilio mpya hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, mtambo huwaka na mpangilio wa zamani. Fundi mwangalifu huutumia udhaifu huo kama kinga. Kwanza huuagiza mtambo ujizime na kujiwasha upya baada ya dakika 10. Ndipo huendesha skripti. Akiwa amejikatia njia, husubiri tu: mtambo utawaka na mpangilio wa zamani, naye ataufikia tena. Akiona mambo ni salama, huondoa agizo la kuwasha upya, kisha huhifadhi.

Sasa mfasiri akiandika thibitisha mahali pa hifadhi, msomaji atafikiri anaombwa kuhakikisha tu kwamba mpangilio mpya unafanya kazi. Ataridhika, ataondoka, na umeme ukikatika kazi yake yote itapotea. Na mfasiri akiitanguliza hatua ya kuhifadhi, dakika 10 zikiisha mtambo utawaka na kosa lile lile.

Hata hilo agizo la kuwasha upya lataka uangalifu. Huondolewa kwa kughairi, si kwa kufuta. Maana katika mwongozo huo huo iko amri nyingine ya kufuta, nayo huondoa mpangilio wote uliohifadhiwa.