Cheche ya protoni yasakwa kuwasha kawi ya nyuklia

MNAMO Desemba 5, 2022, wanasayansi wa maabara ya Lawrence Livermore jimboni California, Marekani, walipiga tembe ndogo ya haidrojeni nzito kwa miale 192 ya leza. Walitumia megajuli 2.05 za kawi, viini vya haidrojeni vikaungana na kutoa megajuli 3.15.

Walishangilia, na walikuwa na haki. Hata hivyo, mitambo ya leza hizo ilikuwa imefyonza takriban megajuli 300 za umeme.

Gharama hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya watafiti kutaka kazi igawanywe. Leza ibane fueli tu, kisha cheche itoke kwingine, jinsi plagi inavyowasha petroli ndani ya injini ya gari. Mwaka wa 2001, mwanafizikia Mjerumani Markus Roth na wenzake walipendekeza kwamba cheche hiyo iwe protoni, kwa kuwa protoni humwaga sehemu kubwa ya kawi yake pale inaposimama.

Kuzipata si vigumu. Leza kali hupiga bati jembamba mno, elektroni zikachomoka upande wa pili na kuvuta protoni nyuma yake. Ajabu ni kwamba protoni hizo aghalabu hutoka kwenye mvuke wa maji na mafuta yaliyonata juu ya bati. Uchafu ambao fundi mwingine angeupangusa, hapa ni mali!

Taabu ni kuzilenga. Zinatakiwa kutua mahali penye upana wa maikromita 40 hivi, pembamba kuliko unywele, kabla fueli iliyobanwa haijatawanyika.

Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2003, bati lilikunjwa mfano wa bakuli ili protoni zikutane mbele yake. Zilisongamana, ila elektroni moto zinazoandamana nazo huzisukuma, njia zikapinda na kukwepa kitovu cha bakuli.

Mwaka wa 2012, matokeo ya majaribio katika leza ya Trident, maabara ya Los Alamos, yalionyesha kwamba bakuli likiunganishwa na koni, nguvu za umeme kwenye kuta za koni huirudisha miale ndani.

Bado ni sehemu ndogo tu ya kawi ya leza inayogeuka kuwa protoni, na hakuna maabara ambayo imewasha fueli kwa njia hii.