Taka za Dar: Mkazi alipa mara tatu, mtaro bado umeziba

MKAZI wa Dar es Salaam anayeishi uswahilini hulipia taka zake mara tatu, na mara zote hizo fedha humtoka mfukoni bila mtaa wake kuwa safi.

Mara ya kwanza hulipa ada ya mwezi kwa mzabuni wa taka. Mara ya pili, gari la mzabuni lisipoonekana kwa wiki mbili na funza wakaanza kutoka kwenye viroba, humlipa kijana wa mkokoteni aziondoe. Mara ya tatu hulipa mvua zinaponyesha, kwa sababu taka zile zile alizokwisha kuzilipia zimeziba mtaro na maji yameingia ndani.

Malipo hayo ya tatu ndiyo makubwa kuliko yote, nayo hayana risiti.

Malalamiko ya wakazi kuhusu taka hayakuanza jana. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliokuwa wamechoshwa na moshi na harufu ya dampo waliishitaki Halmashauri ya Jiji na Mahakama Kuu ikawapa haki. Halmashauri ilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani, na mwaka 1991 wakashinda. Baada ya hapo ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Kila hatua ilikuwa nafuu kwa majirani wa dampo la zamani. Kwa upande wa biashara ya kuzoa taka, hata hivyo, mwisho wa safari hiyo umekuwa kusogeza dampo hadi takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji.

Wakati huo huo jiji liliendelea kukua. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu 1,360,850 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, ikiwa ni karibu mara nne.

Gari hufuata fedha

Mwaka 1994 Jiji lilianza kuwapa watu binafsi kazi ya kuzoa taka, kwa kuanzia na kata 10 za katikati ya mji. Kufikia mwishoni mwa muongo ule kazi hiyo ilikuwa imegawiwa kwa wazabuni wengi, vikiwamo vikundi vya wakazi wenyewe. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa mzabuni kukusanya ada mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kuendesha kazi kwa kile anachokipata.

Utaratibu wa namna hiyo una matokeo yanayotabirika. Mfanyabiashara anayeishi kwa ada hupeleka gari lake penye watu wanaolipa na barabara inayopitika. Mtaa wenye nyumba za geti, lami na wapangaji wa ofisi hupata huduma. Manzese, Tandale au Buguruni kwa Mnyamani, ambako uchochoro haupitishi hata bajaji, lori husimama barabara kuu na kupiga honi. Asiyekuwapo wakati huo, au aliye mbali na barabara, hubaki na kiroba chake.

Kwa kuwa hakuhudumiwa, mkazi huyo hugoma kulipa mwezi unaofuata. Mzabuni naye, kwa kuwa hakulipwa, hupunguza safari. Kila upande una hoja yake, na taka zinabaki pale pale.

Hesabu ya mtaa mmoja

Uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Kaya moja inalipa ada ya Sh 3,000 kwa mwezi. Kila wiki inajaza viroba viwili. Gari linakosa kufika wiki mbili kati ya nne, na kijana wa mkokoteni anatoza Sh 500 kwa kiroba. Kaya hiyo itatoa Sh 2,000 zaidi na jumla yake itakuwa Sh 5,000 kwa mwezi, au Sh 60,000 kwa mwaka.

Kwa kaya 100, fedha zinazokwenda kwenye mikokoteni pekee ni Sh 200,000 kila mwezi, sawa na Sh 2,400,000 kwa mwaka.

Kwa mfano huo, fedha za kuondoa taka zimo mitaani tayari, na zinatoka kwa hiari. Tatizo ni kwamba zinaishia kwa mtu asiye na mahali halali pa kumwaga. Kijana wa mkokoteni hawezi kusukuma mzigo wake hadi Pugu. Pasipo kizimba cha karibu, au kikiwa kimefurika, atausukuma hadi mtaroni au kwenye kingo za Mto Msimbazi, usiku, kisha arudi kuchukua mzigo mwingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu. Kumkamata kijana huyo na kumtoza faini ni rahisi, lakini hakupunguzi kiroba hata kimoja katika uchochoro alimokitoa.

Mvua huleta ankara

Mtaro ulioziba hauna habari na nani alilipa na nani hakulipa. Mwenye genge hupoteza unga na sukari vilivyolowa. Mama ntilie hufunga biashara siku mbili tatu akisubiri maji yapungue. Fundi cherehani hutoa mashine nje kukausha mota. Mwenye nyumba jirani naye huona mvua ndiyo nafasi ya kutapisha choo, na uchafu huo ukaenea mtaa mzima.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea mikoa mingine. Taka peke yake hazikuleta misiba hiyo, kwani ujenzi wa mabondeni na uhaba wa mifereji navyo vimo. Lakini mfereji mchache uliopo ukijaa viroba, ni sawa na kutokuwapo.

Maganda yanayosafiri mara mbili

Wachuuzi wa sokoni wana sehemu kubwa katika hesabu hii. Zaidi ya nusu ya taka za Dar es Salaam ni mabaki ya vyakula na mimea, na masoko kama Ilala, Buguruni na Mabibo huyazalisha kwa wingi.

Mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu au Kilimanjaro hupandishwa lori pamoja na bua lake la katikati na majani ya kuzuia michubuko. Kabichi huletwa na majani ya nje ambayo hakuna mnunuzi atakayeyataka. Mchuuzi hulipa nauli ya vitu hivyo hadi sokoni, kisha hulipa tena vitolewe. Gharama zote mbili humo ndani ya bei anayotajiwa mama anayenunua fungu.

Aidha, mabaki hayo yamejaa maji. Lori linalokwenda Pugu na maganda mabichi linachoma dizeli kusafirisha maji kwa kilomita 30.

Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande ili taka za sokoni zigeuzwe mbolea. Malighafi hiyo, hata hivyo, inatakiwa ifike ikiwa safi. Maganda yaliyochanganywa na vipande vya chupa na nepi hayafai kwa mboji, na kuyachambua baadaye ni ghali kuliko kuyatenga mwanzoni.

Chupa za plastiki na vyuma chakavu tayari vina soko lake, ndiyo maana waokota makopo huvifikia kabla ya lori lolote. Kilichobaki bila mnunuzi ni kile kizito na chenye maji.

Pa kuanzia

Hatua ya bei nafuu kuliko zote ni kumwingiza kijana wa mkokoteni kwenye mkataba. Mzabuni angeweza kumlipa kwa kila kiroba anachofikisha kizimbani, lori likabaki na kazi linayoiweza, ya kubeba kutoka kizimbani hadi dampo. Mkazi angelipa ada moja, kwa mtu mmoja, na kudai risiti.

Hilo linahitaji kila mtaa uwe na kizimba kinachofikika kwa mkokoteni, na ratiba ya kukiondolea taka ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa ili mwenyekiti aulizwe siku gari lisipofika.

Muda mzuri wa wakazi kuuliza ratiba hiyo ni kabla ya Machi, masika hayajaanza, mitaro ingali mikavu na inazibulika kwa koleo.