Mlango Uliovunjwa na Polisi: Nani Alipe? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza ni wakati gani askari anaruhusiwa kuingia nyumba ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe. Tuliona kwamba sheria zetu za Kenya na Tanzania, zikifuata njia iliyowekwa na mahakama za Uingereza tangu mwaka 1604, zinamtaka kwanza ajitambulishe, aseme kilichomleta, na aombe kufunguliwa. Akikataliwa ndipo avunje. Leo tunafika kwenye swali linalomhusu hasa mwenye nyumba ya kupangisha. Mshukiwa keshatiwa pingu, gari la polisi limeondoka, mlango umelala chini na fremu yake. Nani anamlipa fundi?

Nitaanzia mbali, jimbo la Texas nchini Marekani, kwa sababu huko swali hili limebishaniwa hadi kwenye mlango wa mahakama ya juu kabisa.

Mwezi Julai 2020, katika mji wa McKinney, mwanamume aliyekuwa akisakwa kwa kumteka msichana wa miaka 15 alijifungia katika nyumba ya mama mmoja, ambaye kesi yake inajulikana kwa jina la ukoo wake, Baker. Mama huyo hakuwapo. Alikuwa amehamia jimbo la Montana, na nyumba ilikuwa mbioni kuuzwa. Aliyekuwapo ni binti yake, naye alimtambua mtu yule, akatafuta kisingizio cha kutoka, akawaita polisi. Msichana aliachiliwa akiwa salama, lakini mtekaji akaapa kwamba hatatoka akiwa hai. Polisi walikuwa wamepewa rimoti ya gereji na namba za geti la nyuma. Hata hivyo walilipua mlango wa gereji, wakaangusha uzio kwa gari la deraya, wakavurumisha mabomu ya machozi kupitia madirishani. Walipoingia walimkuta amejiua.

Madirisha yalivunjika, kuta zikatoboka, na gesi ikaingia kila mahali. Gesi ya namna hiyo haiondoki kwa kufungua dirisha: hunasa kwenye dari, mazulia na magodoro, na vingi havifai tena isipokuwa kutupwa. Hasara ilizidi dola 50,000. Kampuni ya bima ikajibu kwamba haifidii uharibifu uliofanywa na serikali. Huo si ujanja wa kampuni moja tu. Sharti hilo limo katika mikataba mingi ya bima za nyumba, na nawasihi wenye nyumba wausome mkataba wao leo hii. Mji wa McKinney nao ukakataa kulipa.

Mama huyo hakudai kwamba polisi walikosea. Alikubali kuwa walifanya kazi yao. Alichosema ni hiki: kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya umma, basi na umma ulipe. Mwezi Juni 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola 59,656.59. Oktoba 2023 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko New Orleans ikaitengua hukumu hiyo, ikisema kwamba polisi wakilazimika kuharibu mali ili kuzuia hatari iliyo mbele ya macho, Katiba ya Marekani haidai fidia. Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza kesi, ingawa majaji wawili ambao kwa kawaida husimama pande tofauti, Sotomayor na Gorsuch, waliandika pamoja kwamba swali hili ni zito na bado linahitaji jibu. Kesi iliporudi chini, jaji aliyeisikiliza mwanzo alimpa haki mama huyo mwaka 2025 kwa kutumia katiba ya jimbo la Texas.

Kwa nini katiba ya jimbo impe kile ambacho katiba ya taifa ilimnyima? Katiba ya Marekani inazungumzia mali iliyochukuliwa. Ile ya Texas inataja pia mali iliyoharibiwa au kuteketezwa. Tangu mwaka 1980, katika kesi ya Steele dhidi ya mji wa Houston, ambako polisi walidaiwa kuichoma nyumba ili kuwatoa watoro wa gereza waliojificha ndani, mahakama ya juu ya Texas ilikwisha kusema kwamba mwenye mali asiye na hatia anaweza kudai fidia bila kuthibitisha uzembe wa askari. Minnesota ilifuata mwaka 1991 katika kesi ya Wegner: polisi walikuwa wameijaza nyumba mabomu ya machozi wakimtafuta mshukiwa aliyekimbilia humo, wakaacha hasara ya dola 71,000 hivi. Mahakama ilisema si haki mtu mmoja abebe gharama ya usalama wa wote.

Mahakama zinazokataa zina hoja yao, nayo inastahili kuelezwa vizuri. Mwaka 2019 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Denver iliamua kesi ya Lech, ya mwenye nyumba wa Colorado. Nyumba yake, aliyokuwa akiishi mwanawe, ilivamiwa mwaka 2015 na mtu aliyekimbia baada ya kuiba dukani. Polisi walimzingira kwa saa 19, na mwisho wake nyumba ilikuwa imetoboka kiasi cha kubomolewa yote. Mahakama ilitenganisha mambo mawili. Serikali ikitwaa shamba ili ipitishe barabara, inatumia mamlaka ya kutwaa ardhi, na italipa. Ikimkamata mhalifu, inatumia mamlaka ya kulinda amani, na madhara yanayotokea njiani hayafidiwi. Wengine huongeza kwamba askari akijua kila kioo kitalipiwa, atasitasita wakati ambapo kusita ni kifo.

Mimi sikubaliani na hoja hii. Inajibu swali ambalo halikuulizwa. Kuwa askari alikuwa na haki ya kuvunja ni jambo moja. Nani abebe hasara ni jambo lingine kabisa. Hakuna askari anayesita kufyatua bomu la machozi kwa kuwaza bei yake, ingawa bomu hilo hununuliwa kwa kodi za wananchi, kama yanunuliwavyo mafuta ya gari la deraya na kulipwa posho za kikosi. Gharama zote za operesheni ile zinabebwa na umma isipokuwa mlango, ambao anaachiwa mtu mmoja aliyekuwa na bahati mbaya ya kuumiliki. Mwenye nyumba aliyejua kwamba nyumba yake ni ghala la wezi, akanyamaza na kula kodi, huyo asilipwe. Lakini huyo si sababu ya kumnyima asiyejua.

Uingereza yenyewe iliwahi kuyatenganisha waziwazi maswali haya mawili, la haki ya kuharibu na la nani abebe hasara. Mwaka 1942 majeshi yake yaliteketeza mitambo ya mafuta mjini Rangoon ili isiangukie mikononi mwa Wajapani. Miaka 22 baadaye, mwaka 1964, Mabwana wa sheria, yaani majaji wa mahakama ya juu ya Uingereza wa wakati huo, katika kesi ya kampuni ya Burmah Oil iliyodai fidia, waliamua, watatu kwa wawili, kwamba kuteketeza kulikuwa halali na bado fidia ilistahili. Bunge lilishtuka kwa ukubwa wa deni, likatunga sheria mwaka 1965 ya kuifuta haki hiyo, tena kwa kurudi nyuma. Ila sheria hiyo iligusa uharibifu wa vitani tu.

Habari hii inatuhusu. Kenya ilipokea sheria ya Uingereza inayotokana na hukumu za mahakama (common law) ya tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika ile ya tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za baadaye hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili wanaruhusiwa kuzitumia kushawishi. Juu yake tuna katiba zetu. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya na ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania zote zinakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia. Mwanasheria wa serikali atasema kuvunja mlango si kunyang'anya. Mwenye nyumba ambaye vyumba vyake vimekaa miezi bila mpangaji kwa sababu havifungiki ana jibu la kumpa, na ningependa kuona likitolewa mbele ya majaji.

Kwa sasa njia nyepesi zaidi ni ile ya kuonyesha kosa: askari hawakubisha hodi, walivamia nyumba ambayo siyo waliyoitafuta, au walivunja vya chumba cha pili wakati mtu wao keshakamatwa cha kwanza. Kwa hiyo ushahidi ni wa lazima. Piga picha kabla ya kufagia. Chukua namba ya OB au RB kituoni, mwite mzee wa mtaa au mwenyekiti wa serikali ya mtaa aone kwa macho yake, na mwombe fundi aandike makadirio yenye tarehe. Tanzania, askari akichukua vitu katika upekuzi anatakiwa kuandika hati inayosainiwa na shahidi. Hati hiyo huorodhesha vilivyochukuliwa, si vilivyovunjwa, basi usidhani kitasa chako kimeandikwa humo. Andika orodha yako na umwombe shahidi yuleyule aisaini.

Muda nao haungoji. Kenya, madai ya madhara dhidi ya serikali yanapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 12. Tanzania, serikali hupewa kwanza notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kushtakiwa, na notisi isiyoandikwa vizuri huiangusha kesi kabla haijasikilizwa. Namna ya kuiandika, na iwapo mwenye nyumba anaweza kukata gharama za mlango kwenye amana ya mpangaji aliyekamatwa kisha akaachiwa huru, tutavizungumzia wiki ijayo.